Digitakt, SP-404MKII au Circuit Rhythm: ipi itanifaa kwa efekti za jukwaani kwenye singeli?

Mdundo_Temeke

Wakuu, habari za jioni. Huu ni mwaka wa tatu napiga singeli kwa laptopu kwenye vigodoro na sherehe za mtaani, na namshukuru Mungu kazi ipo. Ila nataka mikono yangu ijibizane na MC. Akikata neno, mdundo ukatike naye. Akipandisha mzuka, biti nzima imezwe na mwangwi, halafu kiki (ngoma ya besi) irudi pale pale anapotua. Kwa kipanya nimejaribu mpaka nimekubali kwamba haiwezekani.

Nimejichanga, mwisho wa mwezi nanunua mashine moja ya kupigia sampuli za sauti na midundo. Nimebaki na tatu: Digitakt ile ya kwanza ya 2017 ambayo jamaa anaiuza, SP-404MKII na Circuit Rhythm. Orodha za efekti nimeshazisoma zote. Naomba mtu aniambie vidole vinafanya nini saa sita usiku uwanja umejaa. Tempo yangu ni kati ya midundo 200 na 230 kwa dakika, na umeme wa huku mnaujua.

Fundi_Waya

Karibu mkuu. Mimi natumia Digitakt tangu 2018, kwa hiyo nitaisemea hiyo. Lakini kuna swali moja la kuziuliza zote tatu: efekti ikishaingia, narudije? Kuvuruga sauti ni rahisi, mashine yoyote inavuruga. Watu wanarukia ile nukta ambayo mdundo unarudi mzima, juu ya moja, yaani mdundo wa kwanza wa baa (fungu la midundo minne).

Niliwahi kupiga harusi kwa mashine niliyokuwa nayo kabla ya hii. Nikafunga filta (zinazokata sauti za juu au za chini) za traki zote, moja baada ya nyingine, ikapendeza kweli. Muda wa kurudi ulipofika nikakuta nina nobu nane za kurudisha na mikono miwili. Baa nne zikapita kiki imezibika kama inapigwa chumba cha pili, bibi harusi kasimama katikati ya ukumbi anasubiri. Tangu siku hiyo sigusi efekti ambayo sijaifanyia mazoezi ya kuitoa.

Kwenye Digitakt kurudi kuna njia mbili. Ya kwanza: kabla ya kuchezea chochote bonyeza FUNC na YES, patani, yaani mpangilio wa midundo, inahifadhiwa kwa muda jinsi ilivyo. Kisha shika TRK na zungusha nobu yoyote, tuseme ya filta au ya kupeleka sauti kwenye dilei (mwangwi wa kujirudia), na traki zote nane zinafuata pamoja. Vuruga utakavyo. Ikikaribia moja, FUNC na NO: kila kitu kinarudi ulipokihifadhi na sikwensa (kipanga midundo cha mashine) haisimami. Mkia wa dilei unabaki ukining'inia juu ya kiki safi, na hapo ndipo uwanja unapolipuka.

Njia ya pili naipenda zaidi. Hatua yoyote ya sikwensa, yaani moja kati ya 16 za baa, unaweza kuipa sharti la FILL, yaani ilie tu wakati umeshikilia PAGE. Kwenye baa ya mwisho naweka snea (ngoma kali ya juu) nne za namna hiyo: sauti imechakazwa kidijitali (bit reduction), retrig (pigo moja kujirudia harakaharaka) imewashwa, dilei imefunguliwa kwenye ile ya nne peke yake. Snea za kawaida za baa hiyo nazipa sharti la kinyume, zinyamaze FILL ikishikwa. Kidole gumba kikilala kwenye PAGE, snea inageuka mvua ya mawe. Nikikiinua, imerudi yenyewe, na hakuna thamani hata moja iliyobadilika ya kunisumbua baadaye.

Udhaifu wake kwako ni kwamba haina betri. Inategemea adapta ya volti 12, umeme ukikatika imezima.

Stima_Kisumu

Kaka, kwa hayo unayoyataka mimi ningechukua Circuit Rhythm bila kuzungukazunguka. Hizo FILL za Fundi ni kazi ya kuandaa nyumbani. Hapa efekti ziitwazo Grid FX zimewekwa kwenye padi (vitufe vya kugonga): shika, efekti imeingia, achia, imetoka. Kuna ya kurudiarudia kipande, ya kucheza kinyumenyume, ya kukatakata sauti, ya kuichakaza. Nobu kubwa ya filta nayo, kushoto inakula sauti za juu, kulia inakula besi, na katikati ina kijino ambacho kidole kinakihisi hata gizani. Yaani unajua umerudi bila kutazama.

Betri iko ndani na inadumu kwa muda wa kama saa nne. Stima ikipotea na jenereta ikawashwa, mashine yako ilikuwa inaendelea muda wote. Tempo inafika 240.

NyaliSauti

Nawasalimu nyote. Mie niko upande wa SP-404MKII, na sababu yangu naona haijaguswa. Mdundo_Temeke, kazi yako ya miaka mitatu imo kwenye laptopu. Ukichukua Digitakt au Circuit huenda ukalazimika kuvunja kila biti vipande uanze kuipanga upya. SP ina tundu za kuingiza sauti kutoka nje. Pitisha laptopu humo, bonyeza EXT SOURCE, na efekti zinaishika biti nzima kama ilivyo. Jumamosi hii hii unapiga.

Mkono unafanya hivi. Kuna vitufe vya efekti, na nobu tatu za kuzitawala. ISOLATOR: nobu ya kwanza ni besi, ya pili sauti za kati, ya tatu za juu. MC akianza kuongea naitoa besi yote na nusu ya sauti za kati, maneno yake yanasikika hata kwa aliyeko mwisho wa uwanja. Akimaliza sentensi nairudisha besi kwa mkupuo mmoja. Hiyo peke yake yatosha kuendesha dakika kumi za sherehe.

Halafu DJFX LOOPER. Hii inanasa kipande kifupi cha kinacholia wakati huo na kukizungusha. Nobu moja inafupisha kipande, nyingine inabadilisha kasi mpaka kinarudi nyuma. Nikikamata neno la MC, tuseme silabi moja tu ya jina la mtaa, nikaifupisha polepole, inakuwa kama ngoma ya mdomo. Nikizima, biti iko palepale ilipopaswa kuwa, kwa sababu laptopu haikusimama. Huko ndiko kurudi kwangu.

Na inakula mawe sita ya AA.

Fundi_Waya

Dada NyaliSauti, hoja ya laptopu nzito, naiunga mkono. Ila kwenye LOOPER tusimpe picha nusu. Urefu wa kile kipande unaupata kwa sikio, haufuati tempo. Kwenye tempo 95 una nafasi ya kukosea kidogo na watu wasione. Kwenye 220 kipande kikipishana na mdundo kinasikika kama umejikwaa.

NyaliSauti

Kweli, yahitaji mazoezi, na mie nilikaa nayo wiki tatu kabla ya kuitoa nje. Ndiyo maana wenye SP hurekodi tena ndani ya mashine: napiga biti nikiwa nyumbani, naivuruga kwa LOOPER mpaka nipate baa mbili zilizokaa sawa, naziweka kwenye padi. Jukwaani nina padi ya biti safi na jirani yake padi ya biti chafu. Narukia chafu, narukia safi. Ila ya moja kwa moja siiachi. Silabi ya MC huwezi kuiandaa nyumbani, na hiyo ndiyo watu huipigia kelele.

Namba_na_Noti

Nimeona tempo ya 220 nikashika kalamu, maana mbinu nyingi tunazojifunza zimetoka kwa watu wanaopiga 120.

Mdundo mmoja ni 60,000 (milisekunde za dakika moja) gawanya kwa tempo. Kwa 120 ni milisekunde 500, kwa 220 ni 273. Ukirudiarudia kipande cha 1/16 (robo ya mdundo) kwa 120 unapata 125, sikio linahesabu vizuri. Kwa 220 ni 68. Cha 1/32 ni 34. Cha 1/64 ni 17, yaani kinajirudia karibu mara 59 kwa sekunde, na hapo sikio haliwezi kuhesabu tena: linasikia noti. Kwa tempo 220 noti hiyo iko karibu kabisa na B flati ya chini.

Retrig ya Digitakt inafika 1/64 na kupita, ipo hadi 1/80. Kwa tempo ileile 1/80 inatoa mara 73 kwa sekunde, ambayo ni D. Kutoka B flati kwenda D ni umbali wa noti uitwao tatu kubwa (major third), unaimbika. Maana yake snea moja iliyofungwa 1/64 kwenye hatua ya 13 na 1/80 kwenye hatua ya 15 inakupigia besi ya noti mbili kabla ya kiki kurudi, na kama wimbo uko kwenye B flati itakaa kama imetungwa. Ukibadili tempo noti nazo zinahama, kwa hiyo uchague tempo kwa kusikiliza ufunguo wa wimbo.

Riverbu (mwangwi kama wa ukumbi) ya sekunde 3 kwa 220 inafunika mipigo 11. Fupisha, au ikate besi, la sivyo itakuwa ukungu. Dilei ndiyo itakuokoa, lakini ihesabu kama unapiga 110. Kwenye Digitakt namba ya muda wa dilei 32 ni mdundo mmoja. Watu wengi wanaweka 24. Wewe weka 48, upate milisekunde 409, mwangwi uwe na pumzi wakati kiki zinakimbia chini yake.

Mdundo_Temeke

Namba_na_Noti, nimeisoma hii mara tatu, nashukuru sana. Nimeijaribu kwenye laptopu sasa hivi, snea ya 1/64 kwa 220, na kweli inaimba. Nilikuwa naisikia kwenye biti za watu nikidhani wamepachika besi.

Dada NyaliSauti, swali: nikitaka kutunga ndani ya SP yenyewe, tempo ya 220 itakubali?

NyaliSauti

Haikubali, inaishia 200. Andika kwa 110 na uweke midundo mara mbili ndani ya baa. Faida yake ni ile aliyosema mwenzetu, efekti zinazofuata tempo zitafuata 110 na mwangwi utapata nafasi.

Pembe_Tatu

Niongeze mashine mbili nje ya orodha. Octatrack ina fimbo ya kutelezesha: upande wa A sauti safi, upande wa B thamani zozote ulizochagua kwa traki zote. Unasukuma unavuruga, unarudisha umerudi, mkono mmoja. Kwa swali la Fundi hakuna jibu zuri kuliko hilo, ila ina mambo mengi ya kujifunza. Na kwa mwenye bajeti ndogo kabisa, PO-33 inatumia betri mbili za AAA na ina efekti za kushikilia kwa FX: lupu fupi, kukwaruza, kinyumenyume. Shika FX kwenye mdundo wa nne, achia kwenye wa kwanza. Mimi nilijifunzia hapo.

Fundi_Waya

Pembe_Tatu kanikumbusha. Wanaodhani haya ni mambo ya mashine mpya wamsikilize King Tubby wa Kingston, Jamaika, miaka ya 1970. Alikuwa na meza ya kuchanganyia sauti ya MCI iliyotoka studio ya Dynamic, yenye nobu ya filta ya kukata besi. Alikuwa anaizungusha hatua kwa hatua huku mwangwi umefunguliwa kwenye snea moja tu kati ya nyingi. Snea moja. Mdogo wangu, hilo lizingatie: ukifungua dilei kwa kila kitu, hakuna kinachosikika kimeondoka.

Stima_Kisumu

Hapo kwa snea moja umenigusa. Nimekuwa nikiachia Grid FX kwa traki zote kila baa ya nane. Leo usiku nabadilisha.

Mdundo_Temeke

Wakuu, nimeamua. Nachukua SP-404MKII, kwa sababu ya laptopu na kwa sababu ya sauti ya MC, maana hilo la kumkamata silabi ndilo nililokuwa nalitafuta bila kulijua. Digitakt ya jamaa nimemwomba anisubiri hadi mwakani, mbinu ya FILL sitaki initoke. Nimeanza leo bila mashine: naweka biti ya 220, nashika meza kwenye mdundo wa nne, naachia kwenye wa kwanza. Nachelewa mara nyingi kuliko nilivyotegemea.

La mwisho, dada: waya gani kutoka laptopu?

NyaliSauti

Hongera ndugu yangu. Upande wa laptopu pini ndogo ya 3.5 ya stereo, upande wa SP pini mbili kubwa za 6.3, kushoto na kulia. Sauti ya laptopu usiifungue yote, ianzie kama robo tatu, kisha pandisha ya kuingilia kwenye SP mpaka kiki kali kuliko zote isikwaruze. Fanya hivyo mchana spika zikiwa chini. MC naye muombe aje saa moja kabla, mpitishe kwenye LOOPER akitamka majina ya mitaa yote ya huko kwenu, ujue ni silabi zipi zinakamatika. Zenye "ka" na "ta" hukatika vizuri. "Mbu" huvimba.