Naomba ushauri: Dodoma–Dar na mgonjwa wa goti, ndege au SGR?

Habari zenu ndugu zangu. Jumatatu nampeleka mama kliniki Muhimbili. Goti lake la kulia limevimba, halikunjiki. Mara ya mwisho tulipanda basi, kilomita kama 450. Tulipofika Gairo alikuwa amelishika kwa mikono miwili, machozi yanamtoka kimyakimya. Sirudii tena.

Ndege inakaa angani kama saa moja tu, ila kuna kuwahi uwanjani, ngazi za kupandia, halafu foleni ya Barabara ya Nyerere. SGR ni saa tatu na nusu hadi nne. Nauli nimeshajipanga.

Aliyewahi kusafiri na mgonjwa wa namna hii, siti gani inamruhusu kunyoosha mguu? Na kiti cha magurudumu unakiomba lini, ukikata tiketi au ukifika? Nisaidieni jamani, nataka nikate kesho.