Wauzaji wa hadiwea Kampala, acheni kutuuzia bleidi za msumeno kwa kuhesabu meno!

Mafundi wa Ndeeba, Bwaise na Nsambya, mchezo huu mpaka lini? Mtu anaomba bleidi ya inchi 10 ya msumeno wa meza. Muuzaji haulizi inaenda kukata nini, anatoa ya meno 80: "Chukua hii ssebo, meno mengi, kali sana." Kali kwa nani?

Mzingo wa bleidi hiyo ni karibu milimita 800. Gawa kwa 80: jino hadi jino ni milimita 10 tu. Ipasulishe mvule wa inchi 2 kwa urefu uone. Unga unakosa pa kukaa, unasagwa humo humo, bleidi inapata moto na kuyumba, mbao inatoka na weusi ubavuni. Mota inaguna, fundi anazidi kusukuma, na hapo ndipo mbao inaporushwa nyuma na mkono kwenda mbele. Kupasua ni meno 24 hadi 30, yenye nafasi pana katikati. Hayo 60 hadi 80 ni ya kukata kwa upana, plaiwudi na bodi za melamini. Mwenye uwezo wa kununua moja tu achukue ya 40 au 50, avumilie kupasua polepole.

Na mvule una mawe ndani, chokaa iliyoganda kwenye mbao, kwa hiyo bleidi isiyo na tipu za kabaidi, vile vipande vigumu vinavyochomelewa kwenye ncha za meno, haifai kabisa. Tipu zenyewe zichungulieni. Ya unene wa milimita 3 inanoleka mara nyingi, ya 1.5 ukiinoa mara chache imekwisha. Ukiona vitundu pale tipu ilipochomelewa, rudisha. Jino likibanduka kwa mizunguko 2,850 kwa dakika halichagui jicho.

Kinachokera zaidi ni tundu la katikati, linaloingia kwenye shafti ya mashine. Bleidi ina tundu la milimita 30, shafti ni 25.4 au hata 15.9, muuzaji anakwambia "zungushia kibati". Kibati! Bleidi inakaa upande, meno machache yanakula mbao na mengine yanapita hewani. Ringi ya saizi kamili ni kitu cha kushindwa kuweka kwenye boksi?

Halafu kile kisu kinachosimama nyuma ya bleidi. Lazima kiwe kinene kuliko sahani, yaani mwili wa bleidi, chembamba kuliko upana wa jino. Mnauza bleidi nyembamba ya jino la milimita 2.2, kisu cha mashine ni 2.5, mbao inakwama, fundi anaking'oa. Amekwisha kung'oa kinachozuia mbao isibane bleidi na kurushwa.

Anayejua duka linalokubali kufungua boksi na kupima tundu na jino kwa venia, kile kipimo cha milimita, kabla ya pesa kutoka mfukoni, alitaje hapa.