Mrejesho: Lisbon na Porto, mimi na mke wangu

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza tulale wapi na tule nini Lisbon na Porto, miji ya Ureno, kwa siku nane. Asanteni sana wote mlionijibu.

Uliyesema tulale Baixa, mtaa wa katikati ya Lisbon, kwenye tambarare, Mungu akubariki. Jirani zake ni vilima vitupu. Ila suala la lifti sikuuliza. Hoteli haikuwa nayo, tukapandisha mabegi hadi ghorofa ya nne. Ulizeni kabla ya kulipia.

Tramu namba 28, kitreni cha mitaani cha Lisbon, tuliiwahi saa moja asubuhi mlivyoshauri, tukapata viti vya dirishani. Mchana foleni yake ni ndefu mno. Kule Belém, mtaa mwingine wa Lisbon, pastel de nata (kitobosha kidogo chenye kastadi ya mayai) ililetwa ya moto, juu ina madoa meusi ya kuungua. Mke wangu akainyunyizia mdalasini, akang'ata, akafumba macho. Tukaagiza tena.

Porto tulifika kwa treni, safari ya kama masaa matatu hivi. Francesinha, sandwichi ya Porto, ilitushinda: mkate, nyama, soseji, jibini, kisha mchuzi juu. Sahani moja inatosha wawili, na msiokula nguruwe ulizeni kwanza. Jioni tukavuka kwa miguu daraja la chuma la Dom Luís I, la mwaka 1886, njia ya juu, tumeshikana mikono. Nendeni jua likizama.