Ziara za mbege kwa baiskeli: tuige mashamba ya mvinyo au tuache?

MTOA MADA

Wadau, habari za jioni. Kwenye kikao cha waongoza watalii hapa Moshi wiki iliyopita, mwenzetu mmoja alileta wazo: tuanzishe ziara ya baiskeli ya kutembelea nyumba zinazopika mbege, pombe yetu Wachagga ya ndizi na ulezi, kutoka Kibosho hadi Uru kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kama wenzetu wa Afrika Kusini wanavyozungusha wageni kwenye mashamba ya mvinyo. Kikao kiligawanyika. Mzee mmoja alisema huko ni kuwauzia wazungu ulevi wetu, vijana wakasema ni ajira. Nalileta hapa kwa sababu baiskeli hizo za Afrika Kusini mimi nimezipanda, na msimamo ninao.

Ilikuwa Franschhoek, kama saa moja kwa gari kutoka Cape Town. Ni bonde. Mashamba ya zabibu yamepakana, ukitoka geti moja unaliona paa la jingine, na njia tuliyopita ilikuwa tambarare karibu yote. Tulisimama mashamba matatu. Kila shamba wanakumiminia mafunda mawili tu, na mezani kuna ndoo ya kutemea. Watu wanaonja, wanasukutua, wanatema, wala mwenye shamba hanuni.

Kilichonigusa zaidi ni maelezo. Binti aliyetuhudumia alisimama karibu dakika kumi akitueleza zabibu moja tu, Pinotage, iliyozalishwa pale Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchanganya mbegu mbili za kutoka Ufaransa. Nikawaza nyumbani. Nani kwetu anakaa na mgeni akamweleza jinsi ndizi mbivu zinavyochemshwa, kisha zikaachwa siku kadhaa zichachuke? Kwamba ulezi unaoteshwa kwanza, unaanikwa, unasagwa, ndipo unapikwa uji? Kwamba ule uchungu ni wa gamba la mti wa msesewe, na mama anaukadiria kwa ulimi wake? Haya ni maarifa makubwa, na tunayapita kila siku tukikimbiza wageni kwenye maporomoko ya Materuni.

Kwa hiyo wazo naliunga mkono. Nisichokubali ni mpango wenyewe ulivyoletwa: panda, kunywa, panda, kunywa. Mbege hainywewi kwa mafunda mawili. Mwenye nyumba anaonja mbele yako, anakukabidhi kata, kibuyu cha kunywea, na ukitema umemtukana. Nyumba tatu ni kata tatu. Halafu tazameni ardhi. Moshi mjini tuko chini ya mita 1,000, lango la Marangu liko karibu mita 1,900. Ukipanda lazima ushuke. Masika ya mwaka jana niliteremka Kibosho nikiwa sijaonja hata tone. Njia ilikuwa tope jekundu, Noah imejaa abiria inapanda mbele yangu, nikabana breki mpaka vidole vikafa ganzi, na gurudumu la nyuma likakata upande likanitupa kwenye migomba. Nilitoka na goti limechubuka. Mgeni aliyekunywa kata tatu je?

MCHANGIAJI WA RAU

Mangi, unatutisha bure. Mto wa Mbu wageni wanazungushwa kwa baiskeli kwenye migomba na pombe ya ndizi wanaonjeshwa, biashara inakwenda. Ulaya ndiyo usiseme, watu wanapanda baiskeli shamba hadi shamba. Kwa nini cha kwao kiitwe utalii na cha kwetu kiitwe hatari?

MTOA MADA

Kaka, Mto wa Mbu ni tambarare, wako chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, mlima wanautazama tu. Na huko Ulaya siyo holela. Ufaransa mwendesha baiskeli anabanwa na kipimo kilekile cha dereva wa gari, gramu 0.5 kwa lita ya damu. Sijasema mbege ni hatari. Nimesema mlima na kata haviendi pamoja.

MCHANGIAJI WA MARANGU

Shikamooni wakubwa. Mama yangu anapika mbege, imetusomesha watoto wanne. Mnazungumzia breki, naomba tuzungumze pesa.

Mwaka juzi kampuni moja ilileta wageni sita nyumbani. Walikaa zaidi ya saa nzima. Mama alisimamisha kazi zake, akawaonyesha pipa, akawafunulia ulezi uliokuwa umeoteshwa kwenye majani ya mgomba, akajibu kila swali. Mgeni mmoja akaomba mwiko akoroge apigwe picha. Walipoondoka, mama alilipwa bei ya kata mbili walizokunywa, kama mtu aliyepita kilabuni. Kijana aliyewaleta akamwambia, "Mama, hili ni tangazo kwako." Sasa kaka mtoa mada, yule binti wa Franschhoek alikuwa akisimulia bure?

MCHANGIAJI WA OLD MOSHI

Mimi ndiye mzee aliyesimama kikaoni. Wanangu, mbege ni ya mahari, ni ya matanga, ni ya kupatanisha ndugu waliogombana. Hofu yangu ni kuiona imekuwa kituo cha picha. Maneno ya huyu binti wa Marangu ndiyo niliyoshindwa kuyasema siku ile.

MTOA MADA

Shikamoo mzee, nimekusikia. Dada wa Marangu, yule binti hakusimulia bure. Tulilipia meza kabla ya kukaa, unywe au uteme. Hilo sikuliandika pale juu na ndilo lilipaswa kutangulia.

Babu zetu walianzisha chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933 ili kahawa ya Mchagga iuzwe kwa pamoja, asisimame mmojammoja mbele ya mnunuzi. Wapika mbege wa kijiji wanaweza kukaa hivyohivyo wakapanga bei ya mgeni kwa kichwa, bei ya maelezo, mbali na ya kata. Kampuni isiyokubali isipokelewe. Na wao ndio waamue picha ipigwe wapi na mwiko ushikwe na nani.

Kuhusu baiskeli: gari liwapandishe wageni asubuhi, washuke kwa baiskeli wakiwa hawajaonja kitu, baiskeli zifungwe juu ya gari, ndipo waingie kwa mama. Nyumba moja, wakae, wanywe kata yao hadi mwisho. Nikirudi kwenye kikao ndicho nitakachokisimamia.

MCHANGIAJI WA MARANGU

Hapo sawa kaka. Nitawaambia mama na wenzake. Ila msije siku yoyote tu. Mama anachanganya Ijumaa, Jumamosi mchana ndiyo inakuwa tamu, Jumatatu imeshakuwa kali. Na mpige simu kabla, ulezi unataka siku zake kuota.