Kutembea hadi bichi iliyojificha nyuma ya magenge, naombeni uzoefu

Mzururaji77
Habari zenu wakuu. Kuna bichi moja nimeing'ang'ania kwenye picha za setelaiti muda sasa, haina barabara wala nyumba karibu, kipande kidogo cha mchanga kimezungukwa na magenge pande tatu. Njia inavyoonekana ni kama kilomita 6 unatembea juu ya magenge, halafu unashuka kwenye korongo, ukifika chini unafuata ukingo wa maji kama mita 800 juu ya mawe kuzunguka rasi ndo unatokea mchangani. Tutakuwa watatu na tunataka kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Milima tumeshapanda sana kwa hiyo pumzi ipo. Nisaidieni: viatu gani, maji ya kunywa kiasi gani kwa kila mtu, na je kuogelea huko kunawezekana au picha zinadanganya? Ramani nishapakua kwenye simu so kupotea siyo shida.

PwaNaJaa
Mkuu umeuliza viatu na maji ya kunywa, lakini safari yako yote ipo kwenye hizo mita 800 ulizozipitia haraka haraka. Kabla ya kitu kingine tafuta jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari iliyo karibu na hapo. Ratiba yako anapanga mwezi, wewe unafuata tu.

Sehemu nyingi duniani maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, ndiyo maana kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo mtu akikwambia "sisi tulipita saa tano asubuhi fresh kabisa" bila kukwambia tarehe, hajakwambia kitu. Halafu kuna bamvua, siku moja mbili baada ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hapo maji yanatoka mbali sana na yakirudi yanapanda juu sana. Wakati wa maji mafu, yaani siku za mwezi nusu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Watu wanapenda kwenda siku za bamvua kwa sababu njia inakuwa wazi kweli, ni sawa, ila ujue na kurudi kwake ni kwa nguvu.

Sasa kinachowanasa watu ni hiki. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana hesabu yao ya kukadiria, wanagawa mafungu 12: saa ya kwanza baada ya kupwa linapanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukua tofauti ya mita 3 kati ya kupwa na kujaa, saa ya kwanza yamepanda sentimita 25 tu, unaangalia unasema aah bado sana tupige picha kidogo, halafu saa ya tatu na ya nne yanapanda mita moja na nusu. Hapo ndo unakuta jiwe ulilokalia kufunga kamba za viatu halionekani tena.

Mfano siku hiyo maji yanakupwa kabisa saa sita mchana. Ingieni kwenye rasi saa nne na nusu wakati bado yanatoka, mawe hayo mpe dakika 40, saa tano na dakika kumi mko mchangani, na saa saba kamili mnaondoka hata kama mmoja wenu ndo kwanza ameanza kunogewa. Ni karibu saa mbili za kukaa bichi, ndo hizohizo. Na jedwali linahesabu mwezi na jua tu, halijui upepo. Upepo ukivuma kutoka baharini, au mgandamizo wa hewa ukishuka, maji yanazidi yale yaliyoandikwa.

dadaMwendo
Naunga mkono hapo juu. Halafu kaka Mzururaji hiyo ya "milima tumeshapanda" isikupe kiburi, maana hii ni kinyume cha mlima. Mlimani unapanda ukiwa na nguvu unashuka umechoka. Huku unashuka asubuhi na kibaridi chako, halafu kilima unakikuta mchana, jua limewaka, mwili una chumvi, chupa zimebaki nusu. Kwa hiyo maji ya kunywa piga angalau nusu lita kwa kila saa ya mwendo, jua kali ongeza, na sehemu ya kurudia iacheni imefichwa juu ya korongo kivulini msiishushe chini mkaanza kuipandisha tena.

Muda wa kutembea kuna kanuni ya mzee mmoja wa Scotland, Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 6 na tuseme mita 300 za mapando kwa jumla, inakuja kama saa 1 na dakika 42. Hiyo ni njia nzuri na mtu asiyesimama. Kwenye mawe makubwa na mchanga laini isahau, hapo kadiria mara mbili.

Viatu: raba yenye soli laini inayong'ata, iliyokwisha loweka maji ukaona inavyokuwa. Mabuti mazito ya mlimani mi siyapendi kwenye mawe ya baharini, yakiingia maji unaburuta ndoo mbili.

KobeMtembezi
Hapo kwenye mabuti sikubaliani na dada. Kifundo cha mguu kikipinda katikati ya zile mita 800 huku maji yanapanda ni balaa lingine kabisa, mi navaa yanayoshika kifundo na miguu ikilowa basi imelowa. Ila soli yoyote ile hakuna inayoshinda mwani. Angalia rangi ya jiwe: lililokauka na kuparuza likanyage, lenye kijani linalong'aa au ule weusi kama limepakwa mafuta ruka. Na usikanyage jiwe kwa sababu tu mwenzako wa mbele amelikanyaga, saa nyingine yeye ndo amelilegeza.

Kitu kingine, mkifika mchangani kabla hamjatua mabegi tafuteni ule mstari wa mwani na vijiti na takataka, ndo alama ya mahali maji yalipofika mara ya mwisho. Kama upo katikati ya mchanga na juu yake pamekauka, mna pa kukimbilia. Kama mstari umegusana na ukuta wa genge, au hauonekani kabisa na ukuta wenyewe una unyevu hadi kifuani, basi maji yakijaa hapo hakuna bichi, kuna bahari tu. Hapo mnapiga picha mnageuka.

Na msikae chini ya genge kutafuta kivuli. Ukiona mawe yenye rangi mpya na kingo kali yamelala juu ya mchanga, hayo yameanguka juzijuzi tu. Baada ya mvua ndo mabaya zaidi.

Mzururaji77
Duh. Asanteni sana wakuu, nilikuwa nimepanga tuondoke nyumbani saa tatu tufike kwa starehe 😅 ngoja nianze na jedwali. Vipi sasa kuogelea? Kwenye picha kuna sehemu moja katikati maji yametulia kabisa, pembeni ndo kuna mawimbi.

PwaNaJaa
Hapo palipotulia ndo hapo msiingie!! Mawimbi yanaleta maji ufukweni, maji lazima yarudi, na yanachagua mfereji mmoja yanatokea kwa pamoja kwenda nje. Kwa kuwa pana kina, wimbi halivunjiki hapo, kwa hiyo panaonekana patulivu, mara nyingi na rangi iliyokolea au mchanga umetibuka, povu linatembea kuelekea baharini. Mkondo wa hivyo ukikasirika unaweza kufika mita 2 na nusu kwa sekunde, mwogeleaji wa Olimpiki mwenyewe hauwezi. Ukikubeba usipigane nao kurudi ulikotoka, elea, pumua, kata pembeni sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mfereji ndo urudi na mawimbi. Haukuvuti chini, unakupeleka mbali tu, kinachoua ni kuchoka na kuchanganyikiwa.

Bichi yenye watu kuna mwokoaji anapiga filimbi. Huko hakuna. Kaa maji ya magotini, tena kama mchanga umeteremka ghafla na wimbi linavunjikia pale pale ukingoni hata magotini msiingie, linakuinua linakupiga chini.

dadaMwendo
Na hiyo simu mkuu. Ramani sawa, ila chini ya magenge mtandao ni kubahatisha. Simu mpya kama iPhone 14 kwenda juu zinaweza kutuma ujumbe wa dharura kwa setelaiti kwenye baadhi ya nchi, lakini zinataka kuona anga, na ukiwa umebanwa na ukuta wa jiwe nusu ya anga haipo. Bebeni filimbi kila mtu yake ya kuomba msaada: puliza mara sita ndani ya dakika moja, pumzika dakika, rudia. Na mwachieni mtu nyumbani njia mnayopita na saa ambayo akiwa hajawasikia aanze kupiga simu.

Mzururaji77
Sawa dada. Nimeangalia jedwali sasa hivi, jumamosi hii kupwa ni saa kumi na mbili jioni, jumamosi inayofuata ni saa tano na nusu asubuhi.

KobeMtembezi
Hii muiache, mtarudi gizani. Inayofuata rasini muwe saa nne, juu ya magenge muwe mmeshaanza kutembea kabla ya saa mbili. Angalia na mawimbi siku mbili kabla, yakiwa makubwa hata kupwa hakutawasaidia.