Sampuli za virusi zinarudishwa, naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni. Niko maabara ya kituo kidogo cha afya upande wa Ahero. Tangu Delta, ile aina ya kirusi cha Covid, ituingilie hapa Kisumu mwaka 2021, mimi ndiye ninayefunga sampuli za Covid zinazokwenda kusomwa jenomu, yaani vinasaba vyote vya kirusi. Juzi nne kati ya sita zimekataliwa: eti Ct (mizunguko ambayo mashine ya PCR inahitaji hadi ione virusi) imepita 30, maana yake virusi ni vichache mno.

Mimi nashuku safari. Barafu naweka asubuhi, mtu wa boda anafika saa nane mchana, nikifungua kasha nakuta maji yanacheza chini. Friji yetu nayo ni ile ya chanjo, msiniulize.

Je, nichukue wagonjwa wa siku chache za kwanza za kuugua tu, virusi vikiwa bado vingi, au nipiganie barafu kavu kwanza? Mliopitia haya mlifanyaje?