Ryzen 5 5600 au Core i5-12400F: ipi inafaa zaidi?

Mhariri wa Harusi: Wadau, habari za kazi. Nina mazabodi ya B450 yenye prosesa ya AMD, Ryzen 5 2600, na RAM ya DDR4 ya GB 16, ambayo mchana huhariria video za harusi na usiku huchezea gemu. Fundi wangu ananishauri niuze vyote nihamie Core i5-12400F ya Intel, kwa madai kwamba inaiacha mbali Ryzen 5 5600. Ninachoona mimi ni kwamba zote zilitoka mwaka 2022, zote zina viini (cores) 6 na nyuzi (threads) 12, na zote hufika GHz 4.4. Tofauti iko wapi?

Mchanja Mbuga: Hiyo "mbali" haipo. Katika gemu hukaribiana sana, mara hii inatangulia, mara ile. Utakachokihisi ni kuachana na 2600, ambayo viini vyake viligawanywa makundi mawili, kila kundi na MB 8 zake za kache ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa), ilhali katika 5600 viini vyote sita vinachangia MB 32 pamoja. Kisha 5600 inaingia kwenye mazabodi hiyo hiyo ukishasasisha BIOS (programu inayoiwasha mazabodi), lakini 12400F inadai soketi ya LGA1700, yaani mazabodi nyingine kabisa. Piga hesabu hapo.

Damu ya Bluu: Hesabu siikatai, ila tusifichane kwamba AMD ni jiko la mkaa. Anayeinunua hununua bei, si utulivu wa moyo.

Bint Mvita: Kaka, wimbo huu wa jiko umechakaa. Uliimbwa wakati wa FX-9590 ya AMD ya mwaka 2013, iliyokuwa ya wati 220, na wakati huo ulistahili. Leo 12400F unayoitetea imeruhusiwa na Intel yenyewe kupanda hadi wati 117, wakati soketi ya 5600 imewekewa kikomo cha wati 76. Jiko ni lipi hapo?

Damu ya Bluu: Dada, wewe unasoma karatasi, mimi nafungua mashine. Ya mteja wangu yenye 5600 ilionyesha nyuzijoto 85 wakati wa kutoa video iliyohaririwa (render), na ya Intel iliyokuwa meza ya pili haikufika 70. Karatasi yako inalijibu hilo?

Mwalimu wa Fizikia: Inalijibu, kwa sababu mnabishania vitu viwili kwa jina moja. Kipande cha silikoni kinachobeba viini vya 5600 kina milimita za mraba zipatazo 80 tu, kwa hiyo joto, hata likiwa kidogo, hubanana mahali padogo na kipimo husoma juu. Wati ndizo zinazopasha chumba na kuongeza bili ya umeme. Inawezekana kabisa prosesa isome nyuzijoto 85 na bado imwage joto dogo kuliko jirani yake anayesoma 70. AMD imeiruhusu 5600 kufika nyuzijoto 90.

Bint Mvita: Ahsante, Mwalimu. Na anayetafuta utulivu wa moyo awaulize wenye Core i9 za kizazi cha 13 na cha 14, ambazo mwaka 2024 Intel ilikiri zinaharibiwa na volti kupita kiasi, ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Huko ni kuruka majivu na kukanyaga moto.

Damu ya Bluu: 12400F ni ya kizazi cha 12, ambacho hakimo katika balaa hilo. Hoja ya joto imekushinda, sasa unaingia nyumba ya jirani.

Mchanja Mbuga: Mwenye mada anahariri video, jamani. Sifa kubwa ya Intel katika kazi hiyo ni Quick Sync, sehemu maalumu ya kufungua na kubana video, nayo imo ndani ya grafiki za prosesa, ambazo matoleo yenye herufi F hayana. Fundi aliyemtajia 12400F amemtajia Intel iliyovuliwa silaha. Angalau angemtajia 12400 kamili.

Damu ya Bluu: Mwenye kadi ya grafiki ya NVIDIA ana NVENC, yaani sehemu ya kadi inayobana video. Quick Sync ya nini?

Mchanja Mbuga: Ya kufungua video za H.265 (mfumo wa kubana video) za 4:2:2, yaani zinazohifadhi rangi nyingi kuliko 4:2:0 ya kawaida, zenye biti 10, kama zinazotoka katika kamera nyingi za siku hizi. Kadi za NVIDIA zilizotangulia RTX 50 hazizifungui, Quick Sync ya kizazi cha 12 inazifungua. Kama kamera yake inarekodi 4:2:0, mjadala huu haumhusu.

Mhariri wa Harusi: Yangu ni 4:2:0 ya biti 8, na kadi ni GTX 1660 Super. Hiyo BIOS naisasisha kabla au baada ya kubadili prosesa?

Mchanja Mbuga: Kabla, 2600 ikiwa bado imo, la sivyo skrini itabaki nyeusi. Na uchomeke kwenye UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya zoezi unaweza kuipoteza mazabodi.

Bint Mvita: Damu ya Bluu, hujatuambia ile mashine ya nyuzijoto 85 ilikuwa na kipoza gani.

Damu ya Bluu: Kile kidogo cha kwenye boksi, na pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza niliipaka kwa mkono wangu. Ikiwa sasa tunajadili kama najua kupaka pesti, fungua mada yake, dada, nitakuja.

Bint Mvita: Nimeshaifungua.